Namna ya Kusoma Takwimu za Ongezeko la Laini za Simu Tanzania Bila Kupotoka

Kila baada ya miezi mitatu Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, hutoa ripoti ya takwimu za mawasiliano, na katika ripoti hiyo namba inayoshikwa haraka kuliko zote ni idadi ya laini za simu. Namba hiyo utaikuta kwenye magazeti ya asubuhi, kwenye hotuba za bajeti, kwenye tasnifu za wanafunzi wa vyuo vya hapa Dar es Salaam, na kwenye michanganuo ya biashara inayopelekwa benki kuombea mkopo. Ni namba ya kweli, imekusanywa na chombo chenye mamlaka ya kisheria, na sina shaka nayo. Tatizo huanza pale inapobebeshwa maana ambayo haikuandaliwa kuibeba.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe na hasara yake nimeiona kwa macho. Mwaka 2016 ndugu yangu mmoja alikuwa anafungua duka la vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, akaniomba nimsaidie kuandika mchanganuo. Nilichukua idadi ya laini za nchi nzima, nikaihesabu kana kwamba kila laini ni simu moja na kila simu ina mwenyewe anayehitaji chaji na kava, kisha nikakadiria sehemu ya wateja itakayofika Kariakoo. Ndugu yangu aliniamini, akaagiza mzigo kwa kiasi nilichomwandikia, na mzigo ule ulilala dukani zaidi ya mwaka mzima. Hesabu zangu za kuzidisha na kugawanya zilikuwa sahihi kabisa; nilichokosea ni kutojua nilikuwa nahesabu nini.

Anza na jina lako mwenyewe

Kabla ya kufungua ripoti yoyote, chukua simu yako, piga *106# na ufuate maelekezo mpaka uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, kisha urudie hivyo katika kila mtandao unaoutumia. Watu wengi hushangaa kukuta laini waliyokwisha isahau, au laini waliyomsajilia mama yao kijijini, au hata wasiyoitambua kabisa, na hiyo ya mwisho unapaswa kuiripoti kwa mtandao husika siku hiyohiyo. Andika idadi uliyoipata kwenye karatasi. Mtu mmoja umesimama hapo, na pengine umekwisha kuwa laini tatu au nne katika takwimu za taifa.

Jua kilichohesabiwa

Kuna vitu vitatu ambavyo katika mazungumzo ya kila siku tunavichanganya bila madhara, lakini katika takwimu lazima vitenganishwe: laini, simu na mtu. Ripoti ya TCRA huhesabu laini. Haihesabu simu zilizo mifukoni mwa watu, wala haihesabu watu wenye simu. Kwa kipimo kinachofuatwa kimataifa chini ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, laini ya malipo ya kabla, yaani ile ya kuweka vocha, huhesabiwa kuwa hai ikiwa imetumika angalau mara moja ndani ya miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo laini iliyopokea simu moja tu siku ya sikukuu ina uzito uleule na laini ya dalali wa nyumba anayeongea kutwa nzima.

Nitaonyesha kwa mfano nilioukuta kwa mama lishe mmoja karibu na soko la Tandika, siku niliyokwenda kujifunza jambo hili upya. Nilimwamkia, nikaagiza wali maharage, na tulipozoeana kidogo nikamwuliza ana laini ngapi. Alitoa kitochi kilichofungwa mpira wa manjano ili kifuniko cha nyuma kisidondoke. Ndani yake kulikuwa na laini mbili: moja anayotumia kupokea fedha za wateja na kutuma mchango wa kikoba, na nyingine ya kuongea na mama yake aliyeko Kilwa, kwa sababu kijijini kwao mtandao ule wa kwanza haushiki vizuri. Binti yake wa miaka 15 alikuwa na simu janja yenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mama. Mume wake alikuwa amekwapuliwa simu kwenye daladala wiki chache nyuma, amerudisha namba yake kwa wakala lakini hajapata fedha ya kununua simu nyingine, hivyo jioni hutoa laini ya Kilwa kwenye kitochi na kuweka yake ili aone kama kuna kibarua alichoitiwa. Halafu mama akafungua pindo la khanga, akatoa laini ya tano iliyokuwa bado imeshikilia kipande cha kadi yake. Hiyo alikuwa hajaigusa tangu mwaka uliopita.

Hesabu sasa. Laini zilizosajiliwa ni tano, laini hai ni nne, simu ni mbili, watu ni watatu. Tena kati ya laini hizo tano, nne ziko kwa jina la mtu mmoja. Ukienda kwa mama huyu na kipimo cha ripoti, utaondoka na nne. Ukienda kama muuza simu, utaona mbili. Ukienda kama mtu wa afya anayetaka kutuma ujumbe wa kliniki kwa kila mzazi, hata hiyo mbili itakudanganya, maana kitochi kinashindaniwa na watu wawili.

Liko pia kundi la laini ambalo halina mtu kabisa. Mashine za EFD za kutolea risiti na vifaa vya kufuatilia mabasi hutumia laini za simu kupeleka taarifa zake. Ripoti za miaka ya karibuni zimeanza kutenganisha laini za mawasiliano ya watu na laini za mawasiliano ya mashine, na utenganisho huo ni wa msaada mkubwa, lakini msomaji mwenye haraka huchukua jumla kuu ya juu na kuacha safu zilizo chini yake. Usifanye hivyo. Ukikuta jedwali lina safu hizo mbili, chukua ile inayohusu watu na useme wazi kwamba umeichukua hiyo.

Kwa nini mtu mmoja ana laini nyingi

Hapa ndipo penye mambo mengi, na mtu asiyepaelewa atausoma ukuaji kinyumenyume, akidhani kila laini mpya ni Mtanzania mpya aliyefikiwa na mawasiliano.

Sababu ya kwanza ni bei. Mtandao mmoja unapopokea simu iliyotoka mtandao mwingine, hulipwa gharama ya maunganisho, na kwa miaka mingi gharama hiyo ilifanya kupiga mtandao mwingine kuwe ghali kuliko kupiga ndani ya mtandao wako. Mteja wa Dar es Salaam alijifunza njia yake: laini moja ya kuwapigia wenye mtandao huu, nyingine ya kuwapigia wenye mtandao ule, na simu ya laini mbili ikawa ndiyo simu ya kawaida. TCRA iliishusha gharama hiyo hatua kwa hatua, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022, na leo vifurushi vingi vina dakika za mitandao yote. Hata hivyo mazoea hayafutwi na tangazo la bei. Huduma ya kuhama mtandao bila kubadili namba ilianza Machi 2017, lakini watu wengi ninaowafahamu, badala ya kuhama, wameongeza.

Sababu ya pili ni mahali. Mkazi wa Mbagala mwenye wazazi Lindi, au wa Kimara mwenye shamba Morogoro vijijini, huweka laini ya mtandao unaoshika huko hata kama hapa mjini haitumii. Halotel ilipoanza huduma mwezi Oktoba 2015 ilifika vijijini mapema, na laini zake nyingi nilizoziona mikononi mwa watu wa mjini zilikuwa laini za kuzungumzia na nyumbani.

Sababu ya tatu ni fedha. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, laini imekuwa pia pochi. Mtu hutenga laini ya biashara na laini ya matumizi ya nyumbani kwa sababu ileile inayomfanya mwenye duka asichanganye droo ya mauzo na fedha ya mboga. Wakala naye huwa na laini ya uwakala kwa kila mtandao anaouhudumia, mbali na laini zake binafsi. Simama mbele ya kibanda chochote cha wakala pale Manzese uhesabu vitochi vilivyopangwa mezani, kila kimoja na rangi ya mtandao wake. Kibanda kimoja chaweza kuwa na laini sita na binadamu mmoja.

Hakuna ubaya katika hayo. Mtu mwenye laini tatu anahudumiwa kweli mara tatu, na kwa kampuni inayopanga minara yake ni mteja halali. Ila asije akahesabiwa kuwa watu watatu.

Gawanya kwa idadi sahihi ya watu

Ukiwa na idadi ya laini, hatua inayofuata ni kupata laini kwa kila watu 100. Hapa kosa huwa kwenye idadi ya watu inayogawanyia. Mwisho wa mwaka 2023 laini zilikuwa zimepita milioni 70. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120, Bara na Zanzibar. Ukigawanya moja kwa moja utapata laini 113 kwa kila watu 100. Lakini sensa hiyo ni ya miezi kumi na sita kabla ya takwimu ya laini, na watu hawakusimama kuzaliwa. Kwa kasi ya asilimia 3.2 kwa mwaka iliyotokana na sensa mbili za mwisho, Watanzania walikuwa wamepita milioni 64 mwishoni mwa 2023. Gawanya tena, utapata laini 109. Tofauti ya laini nne kwa kila watu mia inaonekana ndogo, lakini kwa nchi nzima ni zaidi ya laini milioni mbili zilizotokea kwa sababu ya kugawanya vibaya.

Endelea hatua moja zaidi, kwa kuwa ndiyo inayofumbua macho. Karibu nusu ya Watanzania wana umri chini ya miaka 18, na laini wanazotumia, kama zipo, husajiliwa kupitia mzazi au mlezi. Ukizigawanya laini milioni 70 kwa watu wazima takribani milioni 32, kila mtu mzima anakuwa na laini zaidi ya mbili. Unajua, na mimi najua, kwamba wako watu wazima wengi wasio na hata moja. Basi hao wengine wana tatu na nne, na kiwango cha asilimia 109 hakikuambii lolote kuhusu aliyeachwa nje. Usiandike kamwe kwamba kiwango kimepita asilimia 100 kwa hiyo kila mtu ana simu. Ukitaka kujua nani hana simu, tafuta tafiti zinazomwuliza mtu mwenyewe, kama vile FinScope, au majedwali ya sensa kuhusu mali zinazomilikiwa na kaya, kisha uyaweke karibu na takwimu za laini bila kuyachanganya nazo.

Linganisha miaka kwa uangalifu

Mwaka 2000 laini za simu za mkononi nchini hazikufika laki mbili na zilikuwa pungufu ya simu za mezani. Mwaka 2005 zilikuwa karibu milioni 3, mwaka 2010 karibu milioni 21, mwaka 2015 karibu milioni 40, mwaka 2020 zilipita milioni 51, na mwisho wa 2023 zikapita milioni 70.

Mwandishi mwenye haraka ataona mstari unaopanda na kuandika kwamba ukuaji ni wa kasi. Kokotoa kasi ya kila kipindi kwa mwaka, ndipo uone jinsi vipindi vinavyotofautiana. Kati ya 2005 na 2010 laini ziliongezeka kwa wastani wa karibu asilimia 48 kila mwaka. Miaka mitano iliyofuata, karibu asilimia 14. Kati ya 2015 na 2020, karibu asilimia 5 tu. Halafu kati ya 2020 na 2023 kasi ikarudi juu, karibu asilimia 11. Kwa hiyo kuna kupanda, kupoa, na kupanda tena, na maswali mazuri yote yamo katika kile kipindi cha kupoa.

Ukikitazama kwa karibu utagundua kwamba kuanzia 2015 hadi 2017 idadi haikusogea, ilibaki pale pale kwenye milioni 40. Katika kipindi hicho, Juni 2016, simu bandia zilizimwa nchi nzima, na wengi hapa mjini tunakumbuka foleni za Kariakoo za watu waliotafuta simu halali. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu, kwa kuwa kilichozimwa ni simu na kinachohesabiwa ni laini, na wewe pia usiseme hivyo bila ushahidi. Nasema kwamba mwaka wenye tukio la namna hiyo haufai kuwa mwanzo wala mwisho wa ulinganisho wako pasipo maelezo. Vivyo hivyo na usajili wa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, ukapangwa kuisha Desemba 31 mwaka huo, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa kwa awamu. Anayelinganisha Desemba 2019 na Desemba 2020 ataona ongezeko, na hataona kwamba katikati palipita fagio. Pitia ripoti za robo mwaka zote nne.

Zingatia pia majina. Mtandao wa kwanza wa simu za mkononi nchini, Mobitel, ulianza 1994. Baadaye ukaitwa Tigo, na tangu mwishoni mwa 2024 unaitwa Yas. Celtel ilikuja kuwa Zain, kisha Airtel. Nimewahi kusoma kazi ya mwanafunzi aliyeandika kwamba Celtel ilifilisika na Airtel ikachukua wateja wake. Unapofuatilia jedwali la miaka mingi, andika pembeni ya kila safu majina yote ambayo kampuni imepitia.

Neno moja kuhusu asilimia: ikiwa sehemu ya soko ya mtandao fulani imetoka asilimia 20 hadi 25, imeongezeka kwa pointi tano za asilimia; ukilipima ongezeko hilo dhidi ya ilichokuwa nacho mwanzo, ni robo nzima, yaani asilimia 25. Chagua mojawapo na useme ni ipi.

Takwimu za mkoa

Dar es Salaam huongoza mikoa yote kwa idadi ya laini, na haishangazi kwa mkoa uliohesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022. Hata hivyo jiji hili ndilo watu wanakofika kufanya biashara, kutibiwa na kusoma, na laini husafiri pamoja na wenyewe. Anayekuja kununua mzigo Kariakoo hununua laini hapa na kurudi nayo Songea. Chukulia takwimu za mkoa kama dalili ya uwiano kati ya mikoa, na usizitumie kukadiria wateja wa kata moja.

Pima mtaani kwako

Kwa anayetaka kuitumia namba kufanya uamuzi, iwe ni duka, kibanda cha uwakala au mradi wa afya, hakuna kinachozidi kuuliza watu. Kwanza nenda ofisi ya serikali ya mtaa, ujitambulishe kwa mwenyekiti na ueleze nia yako. Ukianza kugonga milango na kuuliza habari za laini bila kujulikana, watu watakuona tapeli, na kwa haya tunayoyaona ya ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", watakuwa na haki. Chagua nyumba kwa utaratibu usiopendelea, kwa mfano kila nyumba ya tano, na ukikuta nyumba ya wapangaji uliza kila chumba, kwa kuwa nyumba moja ya Uswahilini yaweza kuwa na kaya saba.

Usiulize, "Una simu?" Swali hilo hujibiwa ndiyo hata na mtu anayeazima. Uliza kwa kila mtu mzima: ametumia laini ngapi wiki hii, laini hizo ziko ndani ya simu ngapi, simu ni yake au ya kushirikiana, na kila laini aliinunua kwa ajili gani. Usiombe namba ya simu ya mtu wala namba yake ya NIDA. Hazihitajiki katika hesabu hii, na kuzibeba kwenye daftari ni hatari kwake na kwako. Nyumba hamsini zikifanywa vizuri zitakupa uwiano wa laini kwa mtu katika mtaa wako, na huo ndio utakaokusaidia kupima ukubwa wa kosa utakalofanya ukitegemea takwimu ya taifa peke yake.

Mwisho, unapoandika, sentensi yako ibebe vitu vitano: kilichohesabiwa, kipindi, chanzo, idadi ya watu uliyogawanyia, na kipi hakimo. Badala ya kuandika kwamba Watanzania milioni 70 wanatumia simu, andika hivi: "Kwa mujibu wa TCRA, hadi mwishoni mwa Desemba 2023 kulikuwa na zaidi ya laini za simu milioni 70 nchini, sawa na takribani laini 109 kwa kila watu 100 kwa makadirio ya idadi ya watu ya wakati huo yaliyotokana na sensa ya 2022, idadi hii haionyeshi watu wangapi wanamiliki simu, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa na laini zaidi ya moja." Ni sentensi ndefu, na mhariri wako huenda akataka kuikata. Akikata, mwombe aibakize sehemu ya mwisho.